Kufundisha shairi sambamba na riwaya: nilipokosea, na ufunguo ulioniumbua darasani

#1 Mleta mada

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Nafundisha fasihi. Kwa miaka mingi nilikuwa nafundisha riwaya kivyake na ushairi kivyake, kama watu wawili walionuniana ndani ya nyumba moja. Baadaye nikajiambia nikiviweka pamoja wanafunzi watafaidi zaidi. Basi ikawa tukisoma riwaya ya uongozi mbaya, natafuta shairi la uongozi mbaya. Riwaya ya mapenzi, shairi la mapenzi. Nawapa vyote viwili, naandika ubaoni: "Linganisha dhamira."

Insha zikaja zimepasuliwa kati kama kuni. Nusu ya kwanza riwaya, nusu ya pili shairi, na kwenye mpasuko kuna neno moja: "Vilevile". Vilevile mshairi anakemea. Vilevile mshairi anasikitika. Nimesahihisha hizo vilevile mpaka nikawa naziota.

Nilichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa la swali, wao hawakuwa na kosa. Ukimpa mtu vitu viwili vinavyosema jambo moja, kisha ukamwuliza vinafananaje, atakujibu vinafanana. Ulitaka aseme nini kingine?

Halafu kulikuwa na hasara nyingine ambayo sikuiona mapema. Shairi lilikuwa limegeuzwa mtumwa wa riwaya. Mwanafunzi akishaijua riwaya, halisomi shairi tena, analitafsiria tu. Anafika kwenye ubeti wa kwanza na jibu tayari mfukoni.

Safari hii nikabadilisha. Riwaya siitaji, maana wapo wanaoifundisha sasa hivi na sitaki kuwaharibia wanafunzi wao. Itoshe kusema kuna familia ambayo kijana wao ameondoka kwa ugomvi na hakuandika hata barua. Mama analia waziwazi. Baba hatamki jina la mwanawe kabisa. Kuna ukurasa mmoja, wengi huupita bila kuugusa, ambapo baba anafunga mlango kila jioni kwa mkono wake mwenyewe na kulala na ufunguo chini ya mto. Mistari minne hivi, basi, mwandishi anaendelea na mambo mengine.

Shairi sikuliona la kunifaa. Yote niliyoyapata yalikuwa ya "vilevile", na yaliyo maarufu yana miongozo, na mwanafunzi akishaona mwongozo, macho yake mwenyewe anayafumba. Nikaamua kutunga. Sikuwaambia ni langu. Hili hapa:

Mlango sijaufunga, ufunguo nimetupa,
Taa yangu naichunga, mafuta sikuyakopa,
Wapitao huninanga, husema nimejitupa,
Aliyekwenda hurudi, au mimi nitakwenda.

Sauti nikisikia, hudhani ni nyayo zake,
Paka akiparuzia, hunyanyuka nimshike,
Kitanda hutandikia, nami chini nijiweke,
Aliyekwenda hurudi, au mimi nitakwenda.

Najua si shairi la kuingia kwenye diwani. Msinicheke sana.

Siku ya kwanza riwaya nilikataza isiwe hata mezani. Nikalighani mara mbili, wao hawana kalamu. Kalamu nazikataza kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi wa ushairi akishika kalamu kitu cha kwanza ni kuanza kuhesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, kama karani wa ghala. Kisha nikauliza swali moja tu: nani anasema?

Darasa zima: "Mama!"

Nikawaambia, nionyesheni neno lililowaambia ni mama.

Kimya. Wakainamia karatasi. Mmoja akasema, "anatandika kitanda, mwalimu." Wenzake wakamzomea, hasa wavulana wanaotandika vyao wenyewe. Mwingine akasema, "anatunza taa." Nikamwuliza kama baba hawezi kutunza taa. Na hapo ndipo lugha yetu ilipotusaidia: "zake" ni ya nani, mwanamume au mwanamke? "Nimshike" je? Kiswahili hakisemi. Hakuna hata neno moja kwenye beti zile mbili linalotaja jinsia ya anayesema wala ya anayesubiriwa, wala kwamba ni mzazi na mtoto. Anaweza kuwa mume anamsubiri mke. Anaweza kuwa mtoto anamsubiri mzazi. Binti mmoja akasema anaweza kuwa mzee aliyebaki peke yake na anayemsubiri alishakufa zamani. Darasa likatulia kidogo baada ya hilo.

Yule mama hawakumtoa kwenye shairi. Walikuja naye kutoka kwenye riwaya. Walipoliona hilo wenyewe, nusu ya kazi yangu ilikuwa imekwisha, kwa sababu walijua sasa tofauti ya kilichoandikwa na walichokibeba wao.

Siku ya pili ndipo riwaya ikarudi. Si yote. Ukurasa ule mmoja wa ufunguo. Nikawaambia wasiniambie vinafananaje. Waniambie ni wapi vinakataana.

Hilo halikuhitaji akili nyingi: mmoja ametupa ufunguo, mwingine ameulalia. Mmoja mlango wazi, mwingine amefunga. Wakahitimisha kwamba nafsineni wa shairi, yaani yule anayesema ndani yake, anapenda na baba wa riwaya ameufunga moyo. Nikaandika ubaoni, nikiridhika kabisa. Hayo ndiyo majibu niliyokuwa nimeyaandaa kwenye daftari langu.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye sauti yake naijua kwa kuitikia jina tu, akainua mkono. Akasema: "Lakini mwalimu, ufunguo uko chini ya kichwa chake. Akija mtu usiku, hawezi kufunguliwa na mwingine. Lazima aamshwe yeye."

Nilisimama na chaki mkononi. Riwaya hii nimeifundisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na ukurasa ule sikuwahi kuuona hivyo. Baba hakufunga ili mtoto asiingie. Alifunga ili mtoto asiingie bila yeye kujua. Tukarudi kwenye kitabu, na kurasa kadhaa mbele tukamkuta baba huyohuyo asubuhi anauliza kama kuna aliyebisha usiku. Nami siku zote nilikuwa nafundisha swali lile kama ishara ya uoga wa wezi!

Kwa hiyo hoja yangu wakuu ni hii. Shairi la kuambatana na riwaya lisiwe lile linalokubaliana nayo. Litafute linaloibishia kwenye jambo moja dogo la kushikika, kitu kama ufunguo, taa au kiti. Na lisomwe kwanza likiwa peke yake. Bila ufunguo uliotupwa, yule kijana asingeushangaa ufunguo uliolaliwa.

Kuna jambo moja nilishindwa. Binti aliniuliza kwa nini "hurudi" na si "atarudi", mbona anayesubiriwa ni mtu mmoja. Nikamjibu ni sababu ya mizani: "aliyekwenda" ina mizani tano, ukiongeza "atarudi" nne, zinakuwa tisa, kipande kinazidi. Akaandika. Lakini hakuridhika, nilimwona.

Nawasilisha. Karibuni mnikosoe.

#2 Mchangiaji

Mwalimu mwenzangu, maneno matamu, lakini muda huo unautoa wapi? Siku nzima kwa beti mbili na ukurasa mmoja? Mimi nina riwaya nzima, tamthilia, hadithi fupi na mashairi ya kumaliza, na mtihani unauliza riwaya kwenye swali lake na shairi kwenye swali lake. Hakuna anayewauliza ufunguo unabishana na nini. Wanaulizwa bahari (aina ya shairi), umbo, uhuru wa mshairi, na ubeti wa pili kwa lugha tutumbi, yaani nathari, maneno ya kawaida. Ukiwazoesha kuwaza hivyo, watafika kwenye chumba cha mtihani wanatafakari wakati wenzao wanaandika.

#3 Mleta mada

@Mchangiaji wa 2, sikubishii kuhusu muda, umenibana hapo. Lakini hayo uliyotaja ndiyo tuliyoyafanya, ila kwa mlango mwingine. Chukua hiyo lugha tutumbi. Kawaida tunawapa ubeti, wanauandika kwa nathari, tunawapa alama, tumemaliza. Mimi niliwaambia wauandike ubeti wa pili kwa nathari ili uweze kuingia kwenye riwaya kama aya, bila msomaji kushtuka.

Walihangaika. Wa kwanza aliandika: "Kila akisikia sauti alidhani ni nyayo zake. Paka akiparuza mlango aliinuka. Alitandika kitanda kisha yeye akalala chini." Tukasoma. Sawa, maana ipo. Nikauliza, kibwagizo, ule mstari wa mwisho unaojirudia, kimekwenda wapi? Akasema amekitoa kwa sababu kilishasemwa kwenye ubeti wa kwanza, kukirudia kwenye nathari kungekuwa upuuzi.

Kweli kabisa. Na ndicho kitu nilichotaka wakione. Riwaya haiwezi kusema sentensi ileile mara mbili bila msomaji kudhani mchapaji amekosea. Ikitaka kuonyesha kusubiri, inarudia tukio: baba anafunga mlango sura ya tatu, anafunga tena sura ya saba, na kati yake msomaji amepitia harusi, ugonjwa na mvua mbili. Shairi halina nafasi hiyo. Linarudia maneno. Na maneno yakirudi hayarudi vilevile (samahani kwa neno hilo). Mara ya kwanza "au mimi nitakwenda" wanafunzi walisikia safari: asiporudi, nitamfuata. Mara ya pili, baada ya mtu kutandika kitanda na kujiweka chini sakafuni, wakasikia kifo. Herufi ni zilezile. "Kwenda" yetu inabeba yote mawili.

Sasa mwanafunzi aliyeliona hilo, mtihani ukimwuliza umuhimu wa kibwagizo, ataandika "kinasisitiza ujumbe" kama wengine wote? Labda. Lakini ana la kuongeza.

#4 Mchangiaji, mtunzi

Mleta mada nakupa heko kwa uzi, ila jibu ulilompa yule binti silikubali, na wewe ndiye mtunzi!

Umesema mizani ilikulazimisha "hurudi". Haikukulazimisha. Hujasikia inkisari, kufupisha neno ili mizani itimie? "Alokwenda atarudi." Hesabu: a-lo-kwe-nda, a-ta-ru-di. Nane kamili, tena tamu kuimbika. Mtunzi yeyote aliyepitia vina na mizani angeifikia hiyo kabla ya kumaliza kikombe. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 aliwaandikia watu kama sisi, tusiseme sheria imetufunga mikono wakati tuna nafasi ya kupita.

Kwa hiyo ulikuwa na njia mbili na ukachagua moja. Swali la binti liko palepale. Kwa nini hu-?

Nakuambia nionavyo mimi. "Atarudi" ni tumaini juu ya mtu mmoja, na tumaini linaweza kuvunjika. "Hurudi" ni kama mtu anayesema jua huchomoza. Amegeuza tamaa yake kuwa kanuni ya dunia ili asibishiwe. Wapitao wanamnanga, naye anawajibu kama anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu. Hiyo hu- ndiyo inayoniambia huyu mtu ameanza kupotea. Na ona ubeti wa pili, karibu kila anachofanya ni hu-: hudhani, hunyanyuka, hutandikia. Ya usiku mmoja hayo? Miaka hiyo.

#5 Mleta mada

Nimekaa na hii tangu jana usiku. Mkuu, umenivua nguo hadharani lakini kwa heshima.

Ukweli ni kwamba nilipokuwa naandika sikuwaza lolote kati ya hayo. Ilikuja "hurudi" nikaiacha kwa sababu ilikaa vizuri mdomoni. Leo asubuhi nimemwita yule binti nikamwambia nilimpa jibu la kivivu, nikamwonyesha "alokwenda atarudi". Akaangalia akasema, "Hii ya pili inaamini kweli. Ile ya kwanza inajilazimisha." Sekunde tano.

Kisha akaniuliza kama mshairi alikusudia. Nikamwambia mshairi ni mimi, na hapana, sikukusudia.

Alivyonitazama! Lakini mazungumzo yaliyofuata yalikuwa bora kuliko somo lenyewe: kama mwandishi hakukusudia, maana ipo au haipo? Darasa liligawanyika. Kila walipotaka kunitumia mimi kama shahidi nikawakatalia, nikawaambia wataje mstari. Najuta kidogo kuwaambia ni langu, maana sasa wengine wanasita kulikosoa mbele yangu. Nyie msifanye hivyo.

#6 Mchangiaji

Mimi si mwalimu, nilipita tu. Nilikuwa naogopa ushairi shuleni kuliko hesabu. Kazi ilikuwa "shairi hili ni la bahari ya tarbia kwa sababu lina mishororo minne", nukta. Nikajua majina yote ya bahari, sikujua hata siku moja anayezungumza analia au anacheka. Huyo paka anayeparuza mlango amenishika. Mtu anainuka kumkumbatia paka! Endeleeni wakuu.

#7 Mchangiaji

Naunga mkono, ila kwa marekebisho. Kwanza, mbona wote mnazungumza kana kwamba shairi lazima liwe la vina? Mnaotaka kuweka ushairi na riwaya meza moja, mnapata urahisi mkubwa mkichukua mwandishi mmoja aliyeandika vyote. Kezilahabi alitoa riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi mwaka uleule, 1974. Diwani ile ndiyo iliyowasha moto wa mjadala wa mashairi huru, watu wakagombana kweli kama kisicho na vina na mizani kinastahili kuitwa shairi. Darasani unauliza: mtu huyuhuyu, mwaka huohuo, kwa nini hili kaliweka kwenye mishororo na lile kwenye sura? Wanafunzi wanalazimika kufikiri kuhusu umbo, kwa sababu kisingizio cha waandishi wawili tofauti hakipo. Na kwenye shairi huru hawana vina vya kuhesabu wajifiche humo. Wanakutana uso kwa uso na swali kwa nini mstari umekatwa hapa na si pale.

Pili, kuna vitabu ambavyo mwandishi mwenyewe amefanya kazi hii. Shaaban Robert katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini (najua ni tawasifu, si riwaya, msinirukie) anasimulia kwa nathari, kisha anaingiza tenzi ndani yake, ule wa Hati na ule wa Adili. Mimi huwauliza wanafunzi kitu kimoja: kwa nini nathari imesimama hapa? Kuna nini ambacho sentensi za kawaida zilikuwa zimeshindwa kukibeba? Wanasema, anawausia watoto, na wosia lazima ukaririwe, na nathari haikaririki. Jibu hilo ni la mtoto wa shule na sijaona lililo bora.

#8 Mchangiaji wa 2 tena

Hiyo ya kuuliza kwa nini nathari imesimama nimeipenda, inaingia kwenye kipindi kimoja. Sasa niambieni kuhusu kusahihisha. Insha ya kulinganisha inaonekanaje ikiwa si ile ya kupasuliwa? Maana nikikataa "vilevile" wataniandikia "kwa upande mwingine", tumebadilisha kofia tu.

#9 Mleta mada

Hahaha, kweli, nilipigwa na hiyo pia. Ilikuwa "kwa upande mwingine" mbili kila ukurasa.

Nilichofanya ni kukataza aya isiyo na vyote viwili. Kila aya lazima ianze na kitu, si na kitabu. Yaani usianze "Katika riwaya..." Anza "Ufunguo..." au "Taa..." au "Kitanda...". Ukianza na kitu, huna budi uvuke kutoka huku kwenda kule kabla aya haijaisha. Wale wanaojiweza walifika mbali. Mmoja aliandika hivi, nanakili alivyoandika:

"Ufunguo katika shairi umetupwa, kwa hiyo hauhitaji mtu tena. Mlango uko wazi kwa yeyote, hata paka. Baba wa riwaya ameuweka ufunguo chini ya kichwa, kwa hiyo mlango wake unamhitaji yeye. Nadhani nafsineni amechoka kusubiri kuliko baba, ingawa ndiye anayeonekana kusubiri zaidi."

Sentensi ya mwisho sikubaliani nayo hata kidogo. Nilimpa alama za juu.

Wale wasiojiweza walipata tabu, nisiseme uongo. Kama kumi hivi waliniletea orodha: ufunguo, taa, kitanda, paka, kila kimoja na sentensi mbili, hoja haipo. Kwa hao niliwarudisha nyuma, nikawapa kitu kimoja tu na ukurasa mmoja. Sina dawa nyingine kwa sasa. Mwenye nayo aseme.

#10 Mchangiaji

Naomba nipingane kidogo kuhusu mpangilio. Unasema shairi kwanza peke yake. Kwangu ilishindikana, wanafunzi wangu wakilikuta shairi bila chochote cha kushikilia wanaliogopa, wanakuwa kama waliotupwa kilindini. Mimi nawapa riwaya mpaka katikati, kisha nawasimamisha mahali pa taharuki, ndipo naleta shairi. Halafu nawauliza: kati ya wahusika hawa, shairi hili lingetoka kinywani mwa nani, na nani hawezi kabisa kulisema? Sehemu ya pili ndiyo tamu. Kuthibitisha kwamba mhusika fulani HAWEZI kusema mstari fulani kunawalazimisha kumjua yule mhusika na kuusoma ule mstari, vyote kwa pamoja.

#11 Mleta mada

@10 hilo la "nani hawezi kulisema" nalichukua mzimamzima, asante sana. Na hofu unayoitaja ipo. Wangu niliwapoza kwa kughani, sijui wako wangeitikiaje. Naona njia zote mbili zinafika, mradi riwaya isiwe imeshawapa jibu kabla hawajaufikia mstari.

Nimelijaribu leo papohapo. Nikauliza: baba wa riwaya anaweza kusema shairi hili? Wakasema hawezi hata mstari mmoja, yule hatamki. Nikawaambia basi mtungieni lake, bahari ileile. Nilitegemea utani. Yule kijana wa nyuma, wa ufunguo, ameniletea huu jioni:

Mlango naufungia, u mtoni ufunguo,
Jina nimelifukia, chini ya rundo la nguo,
Hodi nikiisikia, sitakuwa na tuo,
Aliyekwenda hurudi, aniamshe mwenyewe.

Nguo ni za mtoto, riwayani baba amezikunja na kuziweka sandukuni. Na mtoni! Nilimwuliza, mto wa kulalia au mto wa maji? Akacheka, akasema atakayesoma achague, maana wa shairi la kwanza hatujui alikoutupa.

#12 Mchangiaji, mtunzi

Nimesimama kuusoma huu. Mwambie anatunga. "U mtoni ufunguo" ningeutamani uwe wangu.

Ila mshororo wa tatu umepungua, utao wake, yaani kipande cha pili, una mizani saba: si-ta-ku-wa-na-tu-o. Kuurekebisha ni rahisi mno, aweke "kituo" badala ya "tuo", nane imetimia, kina hakijaguswa, maana ni ileile. Mwambie asiuache hivyo.

#13 Mleta mada

Nimemwambia leo. Nikamwandikia "kituo" pembeni kwa penseli.

Amekataa. Anasema alishaihesabu, alijua ni saba. Anasema hapo hodi imepigwa na baba amekata pumzi, kwa hiyo mizani moja hakuimaliza.

#14 Mchangiaji, mtunzi

Futa hiyo penseli.